Hukumu Haina Miguu

Mwaka 1832 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu kwenye ardhi ya Wacherokee. Georgia ikapuuza, na Rais Andrew Jackson hakushughulika. Mwaka 1838 askari wakawafukuza Wacherokee kwao. Maelfu wakafa kambini na njiani.

Mwaka 1957, gavana wa Arkansas naye akakaidi mahakama. Safari hii Rais Eisenhower alituma wanajeshi Little Rock, wakawasindikiza wanafunzi tisa weusi hadi shuleni.

Katiba ileile, jamani! Sasa mnyonge aliyeshinda kesi, kisha bado anaombea rais awe na moyo mzuri, kapata haki au kapewa fadhila? Mimi naona ni fadhila. Na fadhila hunyimwa.