Ni Nani Astahiliye?

Nimeulizwa neno na mtu mmoja wa hapa Mwanza, fundi viatu, ambaye miguu yake imepooza tangu utoto. Neno lenyewe ni hili: je, ni haki mtu aonyeshe udhaifu wake ili apewe chombo cha kumchukua? Siku ile sikumjibu, maana nalikuwa sina jibu.

Kwanza tuitazame sheria. Tangu mwaka 2018 halmashauri zimeagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Wako wenye ulemavu waiombao kwa ajili ya bajaji, wala si ajabu, maana mji wetu umejengwa juu ya mawe na vilima, na kigari cha mikono hushindwa. Bali bajaji, fundi akiigeuza breki ya mguu ivutwe kwa mkono, mtu yule huiendesha vema, akachukua abiria toka Buzuruga hata Kirumba. Mtu mzima wa viungo hupata bajaji kwa mkataba, akimlipa mwenyewe hesabu kila juma hata iwe yake. Fundi viatu alipoomba vivyo hivyo aliambiwa, "Utaniangushia mali." Basi akabakiwa na mlango mmoja tu, wa mkopo.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno lake. Katika ofisi moja alitakiwa cheti cha daktari, kwamba hawezi. Kisha, kwenye meza ya pili, alitakiwa andiko la biashara, kwamba aweza, na fedha atairudisha. "Baba Mchungaji," akaniambia, "siku ile moja nalikuwa watu wawili, wala sikujua yupi ni mimi."

Nimelifikiri sana. Kudai cheti si dhuluma. Pasipo cheti wenye nguvu wangetangulia, kama ilivyo desturi yao. Wala kuuliza habari za malipo si dhuluma, maana fedha irudiyo humfaa mwingine. Lakini tumechanganya mambo mawili, miguu na biashara. Huko Uingereza mwenye kustahili hukabidhi posho yake ya usafiri kwa shirika la Motability, lililoanzishwa mwaka 1977, akakodishiwa gari. Haulizwi kama gari litaleta faida. Hata mtoto hupata, mzazi akimwendesha. Nchi ile ni tajiri, najua. Walakini nchi yetu nayo iliuridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao waahidi watu hawa msaada wa kwenda watakako kwa gharama wanayoiweza, wala haukusema ni kwa wafanyao biashara tu.

Namwona mama apandaye kilima cha Bugando, mtoto wake mkubwa asiyetembea yu mgongoni. Mtoto huyu aketi meza ipi? Cheti anacho, andiko la biashara hatakuwa nalo kamwe.

Kwa hiyo nalimjibu fundi viatu kwamba hakusema uongo katika meza yo yote, na kwamba mkopo ni mwema kwa awezaye kazi, ila tusiuhesabu kuwa deni letu lote limelipwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mtoto yule, barua yake utaiandika kwenda wapi?"