Adabu kwa Wanaotuhudumia

Isiolo ni mji wa njia. Barabara itokayo Nairobi kwenda Marsabit, Moyale na hata Ethiopia hupita hapa, na kila siku wasafiri hushuka wakiwa na njaa na uchovu. Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukaa hotelini wakanywa chai. Wote huhudumiwa na mtu ambaye wachache hukumbuka uso wake.

Asubuhi moja, katika hoteli kama hizo, kijana aliyevaa sare ya shule aligonga meza kwa sarafu akasema, "Wewe, chai!" Mhudumu alikuwa mzee mwenye mvi. Alileta chai bila neno. Nilitaka kumkemea kijana, lakini ulimi ulikuwa mzito, maana mimi nami nilikuwa nimepokea kikombe changu bila hata kumtazama mzee yule. Kijana alikosa kwa sauti. Mimi nilikosa kwa kimya.

Labda mtu atasema, "Nimelipa, nina deni gani tena?" Maneno haya yana nusu ya ukweli. Fedha hulipa chai na kazi ya kuileta. Hailipi utu wa mletaji, kwa kuwa utu haukuuzwa. Wala adabu isiwe badala ya ujira: amwitaye mfanyakazi "ndugu" huku akimpunja mshahara, amdhihaki.

Wazee wetu waliujua uchungu huu. Kabla ya uhuru wa 1963, mtu mzima mwenye wajukuu aliweza kuitwa "boi" nyumbani mwa mwajiri wake. Neno lile halikumpunguzia mshahara hata senti moja, lakini lilimnyang'anya umri wake na jina lake. Je, tulichukia neno lile kwa sababu lilikuwa ovu, au kwa sababu tuliambiwa sisi? Kama lilikuwa ovu, basi "wewe" ya kijana yule ni ndugu yake.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 28, yasema kuwa kila mtu ana hadhi ya asili, na ana haki hadhi hiyo iheshimiwe na kulindwa. Lakini hapana askari awezaye kusimama katika kila hoteli, kila gari na kila duka. Huko mlinzi ni ulimi wako.

Kesho yake nilirudi. Nilisema, "Habari ya asubuhi, mzee?" Aliweka sinia chini, akajibu, kisha akaniuliza nitokako. Chai ilikuwa ileile kwa bei ileile, lakini tulikuwa watu wawili.

Basi, ewe mwanafunzi, mtazame usoni akuhudumiaye, msalimu, mshukuru. Hutapungukiwa na kitu, kwani wahenga walisema: heshima si utumwa.