Kasoro Anayoijua Muuzaji Peke Yake

Mfugaji wa Nkoma, wilayani Itilima, anayenunua dume mnadani hahitaji kushikwa mkono. Humfungua ng'ombe mdomo na kuangalia meno ya mbele ya taya la chini: jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota mnyama akiwa na miaka miwili hivi, na yote manane hukamilika akifikisha minne au kuipita kidogo. Humtazama anavyokanyaga, humpapasa nundu, huchunguza macho, pua na manyoya. Aliyemleta ng'ombe anayajua hayo yote, na mnunuzi naye anayajua, maana wote wawili wamekulia machungani. Mnunuzi akikosea, wenzake watamwambia kwamba macho alikuwa nayo.

Mtu huyohuyo akiuza madume kadhaa, au akishika fedha ya pamba, huenda Bariadi au Mwanza kutafuta gari lililotumika: Probox, Noah, pengine Fuso la kubebea mazao. Boneti inafunguliwa. Injini imeoshwa, inang'aa. Dalali anasema, "Mzee, hili halijaguswa spana. Weka mafuta utembee." Elimu yote ya mnadani inakomea hapo.

Hapo ndipo lilipo swali la maadili ambalo watu wa Itilima na Simiyu nzima wanastahili kuliuliza kwa sauti. Muuzaji anajua kwamba gia boksi inateleza likipanda mlima. Hakuulizwa, naye hakusema. Je, amedanganya?

Swali hili limeumiza vichwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mfano wao mmoja ulikuwa nyumba inayouzwa huku mwenyewe akijua kwamba mbao zake zimeoza na vyumbani mna nyoka. Diogenes aliona muuzaji hana kosa: hakumlazimisha mtu kununua, na kutosema si sawa na kuficha. Antipater alikataa. Kumwacha mtu akimbilie hasara bila kujua, alisema, ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero alisimama na mwanafunzi. Kwake, kuficha ni kutaka mwenzako asijue, kwa faida yako, jambo unalolijua wewe na ambalo lingemfaa yeye kulijua.

Sheria ya Tanzania iko karibu zaidi na mwalimu. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema, au pale ukimya wake unapokuwa sawa na kauli. Sheria hiyo ilirithi maneno hayo kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo inatoa mfano wa mtu anayemuuza mnadani farasi anayemjua kuwa mgonjwa, naye asiseme kitu. Huyo, kwa sheria hiyo, hajadanganya.

Mfano huo wa farasi una uzito wake. Kanuni ya kumwachia mnunuzi mzigo wa kuchunguza ilikua katika ulimwengu wa wanyama na nafaka, ambako macho ya mnunuzi na ya muuzaji yalikaribia kulingana. Pale Nkoma, kwa ng'ombe, bado ina haki ndani yake. Kwa gari haina, kwa sababu aliyeliendesha miaka mitatu na anayeliona kwa nusu saa hawalingani hata kidogo.

Ni kweli kwamba ukaguzi mzuri hufichua mengi. Gari liwashwe injini ikiwa ya baridi, kwa kuwa anayeipasha moto kabla mteja hajafika anaweza kuwa anaficha mlio au moshi wa asubuhi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda, mara nyingi kwa kuchakaa kwa ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito usiokoma, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, huashiria gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Oili iliyogeuka maziwamaziwa imeingiwa na maji. Tairi lililolika upande mmoja linasema habari za boshi, shokapu au mpangilio wa magurudumu. Dashibodi ikionyesha kilomita chache huku mpira wa pedali umelika hadi chuma, kilomita hizo huenda zimerudishwa nyuma. Namba ya chesesi ilingane na kadi ya gari, na deni la faini za barabarani litazamwe kwa namba ya gari katika mfumo wa Polisi.

Hata hivyo yapo ambayo fundi bora hayaoni katika mzunguko mmoja wa barabara: injini inayochemka baada ya saa mbili tu za safari, breki zinazolegea zikipata joto, chesesi iliyochomelewa baada ya ajali na kupakwa rangi kwa ustadi. Hayo anayajua mwenye gari. Pale jicho la mnunuzi lisipoweza kufika, deni la kusema linabaki kwa muuzaji.

Dini zinazofuatwa katika eneo hili zimelisema hilo kwa mifano ambayo mfugaji ataielewa mara moja. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, alikataza kuwafunga chuchu ngamia na mbuzi ili maziwa yajae na mnunuzi adhani mnyama ana maziwa mengi. Aliyenunua kwa hila hiyo alipewa hiari ya kubaki na mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Kurudisha kilomita nyuma ni kufunga chuchu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alitenganisha kasoro ya wazi na ya siri. Farasi mwenye jicho moja hahitaji kutangazwa, ilimradi bei imepunguzwa inavyostahili. Bali kasoro iliyofichika inayoweza kuleta hasara au hatari, muuzaji anapaswa kuisema. Neno hilo la hatari ndilo lenye kilio kikubwa, kwa kuwa breki mbovu hazimwumizi aliyelipa fedha peke yake. Zinamwumiza abiria aliyebanwa kiti cha nyuma na mtoto anayevuka barabara akitoka shule.

Watetezi wa ukimya wana hoja ya kusikilizwa. Muuzaji mwenyewe huenda alinunua gari hilo akiwa gizani, naye ana ada za shule za kulipa. Tena amesema wazi: nauza kama lilivyo. Lakini sharti la namna hiyo ni la kale. Abdallah bin Umar, sahaba wa Mtume, aliwahi kumuuza mtumwa, katika zama ambazo biashara hiyo ya dhuluma ilikuwa kawaida, kwa sharti kwamba hawajibiki kwa kasoro yoyote. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa. Khalifa Uthman alimtaka Abdallah aape kwamba alipouza hakujua ugonjwa wowote. Abdallah alikataa kuapa, akamchukua tena mtumwa huyo. Hukumu hiyo inagusa kila gari linalouzwa kama lilivyo: sharti linaweza kumlinda asiyejua, na aliyejua halimlindi.

Fundi naye ana sehemu yake. Akilipwa na mnunuzi ili akague, kisha akapokea "ya soda" kutoka kwa dalali ili apitishe, ameuza macho ambayo mwenye macho alimkabidhi kwa uaminifu. Lawama yake ni nzito kuliko ya muuzaji, kwa kuwa muuzaji hakuwahi kudai yuko upande wa mnunuzi.

Basi anayekwenda kununua asingoje ukimya uzungumze. Auulize ukimya huo maswali, mbele ya mashahidi: injini imewahi kufunguliwa? Gari limewahi kupata ajali? Kuna ugonjwa wowote unaoujua, hata mdogo? Majibu yaandikwe katika mkataba wa mauziano, yasainiwe. Sheria inayomsamehe aliyenyamaza haimsamehe aliyejibu uongo akijua ni uongo. Nao mashehe, mapadri na wachungaji wa Simiyu, wanaohubiri juu ya mizani ya haki kila msimu wa pamba, wautaje pia uuzaji wa magari, kwa jina lake, kabla msimu ujao haujafunguliwa.