Mnyama Chini ya Kitanda

Iko hoja ya zamani ambayo wazazi na walimu hubishania kila siku, nayo ndiyo hii: Mtoto hujiepusha na uovu kwa sababu gani? Wengine hunena, "Ni kwa kuiogopa fimbo, ukiiondoa, mtoto ataharibika." Wengine hunena kwamba ndani yake imo dhamiri, nayo husema hata mahali pasipo baba wala mwalimu. Katika hoja hii yafaa tutazame kitabu kidogo cha picha kilichotoka nchi ya Uswidi.

Aliyekitunga ni Bibi Gunilla Bergström, aliyezaliwa mwaka 1942 katika mji wa Göteborg, akafariki mwaka 2021. Kwanza alikuwa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha kwanza cha habari za mtoto aitwaye Alfons Åberg, hata mwisho vikawa vitabu 26. Picha alizichora mwenyewe kwa mistari myepesi, tena alikata vipande vya karatasi na vya nguo akavibandika mle mle. Alfons si mwana wa mfalme wala shujaa. Akaa na baba yake katika nyumba ya kawaida, na habari za mama yake hazisimuliwi. Katika kitabu kile cha kwanza mtoto hataki kulala, amtuma baba kuleta hiki na hiki, hata baba mwenyewe ashikwa na usingizi sakafuni. Ndipo mtoto amfunika blanketi.

Basi, mwaka 1978 alitoa kitabu kiitwacho Alfons och odjuret, maana yake, Alfons na mnyama wa kutisha. Alfons amempiga mtoto mdogo kuliko yeye katika mchezo wa mpira. Tangu hapo, usiku ukiingia, ajua kwamba chini ya kitanda chake yuko mnyama, na usingizi wampotea. Mnyama yule haondoki mpaka Alfons apatane na yule mdogo.

Angalieni tofauti iliyopo. Mtu aogopaye fimbo huuliza, "Je, nimeonekana?" Akiwa hakuonekana, hulala salama. Lakini Alfons amwaza yule aliyemwumiza. Tena, mtoto akiisha kuchapwa huona kwamba deni limekwisha. Kumbe mdai ni yule mdogo, naye hajalipwa kitu.

Mwaka 1979 Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwakataza wazazi kwa sheria kuwapiga watoto wao. Huenda mtu akauliza, "Je, dhamiri peke yake yatosha? Wako watoto wapigao wenzao wakalala fofofo." Ni kweli, wako. Wahenga walisema, Samaki mkunje angali mbichi, nami sitawapinga. Dhamiri yataka kufundishwa, kama vile jicho la mwindaji lifundishwavyo kuona nyayo. Walakini, kumfundisha mtoto ni kumwonyesha machozi ya mwenziwe, na kumwuliza atayafutaje. Fimbo haiwezi kumwonyesha hayo, kwani mwenye kupigwa huyatazama maumivu yake mwenyewe tu.

Iko na hatari ya pili, nayo ni ya wazazi wapole. Mtoto akilia usiku, twapenda kumwambia, "Hakuna kitu, mwanangu, lala." Kama hofu yake ni ya giza, vema. Lakini kama amemdhulumu mtu, tukimtuliza upesi twamfundisha kuizoea dhuluma. Mnyama yule ana kazi yake, na asifukuzwe kabla hajaimaliza.

Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, mtoto akikosa usingizi, ketini naye, mkamwulize kwa upole mchana wake ulikuwaje, na nani aliachana naye kwa ugomvi. Akiisha kusema, msimwendee yule mwingine kwa niaba yake. Asubuhi mfuateni mpaka mlangoni, kisha mwacheni aingie mwenyewe.