Fundi na Diski za Watu

Studio ya video za harusi kule Buruburu, Nairobi, ikipata kazi nyingi, au chama cha akiba na mikopo Eastleigh kikiongeza wanachama, data huwekwa kwenye diski mbili au zaidi zilizounganishwa, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Mpangilio huo huitwa RAID, jina lililoenezwa na makala ya 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Linux huufanya kwa programu peke yake, na programu hiyo hutegemea lebo ndogo ndani ya kila diski: kitambulisho cha kundi la diski, nafasi ya diski hiyo, na hesabu ya mabadiliko yaliyokwisha kuandikwa.

Lebo hizo huweza kupotosha. Za toleo la zamani, 0.90, hukaa karibu na mwisho wa diski. Patisheni ya mwisho ikifika hadi ukingoni, programu huweza kushindwa kujua kama lebo ni ya patisheni au ya diski nzima. Diski ya mtumba nayo huweza kuja na lebo ya seva ya ng'ambo, kwa kuwa kuifomati si lazima kufute lebo. Kompyuta ikiwaka huona kundi lisilokuwepo, au hukosa kuliona lililopo.

Mpaka hapo hakuna kilichopotea. Msiba huja pale fundi, mteja amesimama mlangoni akimharakisha, anapoiamuru mdadm, zana ya Linux ya kusimamia RAID, iunde kundi upya badala ya kulikusanya. Akikosea mpangilio wa diski, kompyuta huweza kuanza kuzisawazisha, ikiandika juu ya data iliyokuwa salama.

Je, fundi huyo, ambaye hakukusudia ubaya, anadaiwa?

Swali ni la kale kuliko umeme. Katika kitabu cha Biblia cha Kutoka, sura ya 22, mnyama aliyewekwa kwa jirani akifa bila shahidi, mlinzi huapa mbele ya Mungu kuwa hakuigusa mali ya mwenzake, na halipi; mnyama akiibiwa, hulipa. Wanazuoni wa fiqhi, sheria ya Kiislamu, nao walibishana juu ya fundi anayepokea kazi za watu wengi kwa ujira. Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani walimtwika dhamana, na Imamu Ali amepokewa kuwa aliwadhaminisha mafundi kabla yao. Abu Hanifa, mwalimu wa wale wawili, alikuwa mpole zaidi, lakini hata yeye alitenganisha kilichopotea chenyewe na kilichoharibiwa na kazi ya mkono: dobi akiichana nguo kwa kuipigapiga, anailipa.

Mfano wa dobi unatosha kuamua. Diski iliyokufa yenyewe ni ajali. Diski iliyoandikwa juu ni nguo iliyochanwa, hata kama mashine ndiyo iliyosoma vibaya, maana kitufe kilibonyezwa na mtu. Mteja asiyeweka nakala nyingine naye ana sehemu yake: RAID si bakapu, na faili likifutwa hufutwa kwenye diski zote.

Gumu zaidi ni malipo. Fiqhi hulipa kwa mfano wa kitu au kwa thamani yake. Daftari la mikopo laweza kujengwa upya kwa risiti na ujumbe wa M-Pesa; aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara katika Kurani iliagiza tangu zamani deni liandikwe na lishuhudiwe. Video ya harusi yenye sauti ya mzazi aliyekwisha kufariki haina mfano, na hakuna soko la kuipangia bei. Kwa hiyo fundi wa Eastleigh au Buruburu ana wajibu wa kumkatalia mteja anayetaka kazi leo leo. Asome kwanza lebo za kila diski bila kuandika chochote, anunue diski tupu kwa gharama ya mteja, anakili biti kwa biti, ndipo ajaribu kulikusanya kundi juu ya nakala. Mteja asiyetaka kulipia diski hizo aandike hivyo kwenye risiti na kutia sahihi kabla mashine haijafunguliwa.