Amana ya Nani?



Ndugu zangu, kila mwaka wa mwisho wa masomo unapokaribia, swali ni lile lile: baada ya hapa, nini? Wengi wetu hutaja shahada ya uzamili ya sera za umma, au ya uendeshaji wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Ni nia njema, kwani umma unahitaji watu wenye ujuzi wa kuuhudumia. Lakini kuna swali ambalo fomu ya maombi haiulizi. Ukikabidhiwa shirika la kusaidia watu, utakuwa umebeba amana ya nani?

Tuchukue mfano. Wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, iko kando ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mwaka 2017 mapigano ya Kongo yaliwafukuza maelfu ya watu hadi upande wa Zambia, na mwanzoni mwa 2018 wakafunguliwa makazi ya Mantapala. Sera iliyochaguliwa haikuwa ya kambi ya kukaa na kusubiri mgao. Familia zilipewa ardhi ya kulima, na huduma zikapangwa ziwafae wakimbizi pamoja na wenyeji. Ni sera yenye heshima ndani yake.

Sasa jiweke katika kiti cha meneja wa mradi mahali kama hapo. Wakimbizi wengi wanasema Kiswahili, wenyeji wanasema Kibemba, na ripoti unaiandika kwa Kiingereza. Ripoti hiyo inapanda: inakwenda Lusaka, kisha kwa mfadhili Ulaya au Marekani. Je, kuna inayoshuka? Mama aliyepewa mbegu ataambiwa na nani bajeti ilikuwa kiasi gani, na kwa nini jirani yake amekosa?

Tazameni hata neno tunalotumia: walengwa. Mlengwa ni mtu aliyelengwa na mwingine. Hakuulizwa. Qur'ani inamtaja kwa namna nyingine. Katika Surat Al-Ma'arij tunafundishwa kwamba katika mali ya waumini mna haki maalumu ya mwenye kuomba na aliyenyimwa. Basi huyo ni mwenye haki, na mwenye haki hutolewa hesabu.

Wapo watakaosema kuwa fedha ni za mfadhili, kwa hiyo yeye ndiye wa kuridhishwa. Hoja hii ina uzito. Bila ukaguzi wa mfadhili, fedha nyingi zingeishia mifukoni. Lakini meneja ni wakili kati ya watu wawili. Aliyetoa anastahili kujua kama kitu kimefika, na aliyekusudiwa anastahili kujua kilichotolewa kwa ajili yake. Ukimtolea hesabu mmoja tu, umetimiza nusu ya amana. Tena siku fedha zikipungua, ni nani apunguziwe: mjane, mgonjwa au mwanafunzi? Hakuna jedwali la kompyuta linaloweza kulijibu hilo peke yake. Watakaolala njaa wawepo kikaoni uamuzi unapofanyika.

Na mshahara je? Ni halali kuishi kwa kazi hii? Ndiyo. Surat At-Tawba, aya ya 60, inawataja wanaoitumikia zaka miongoni mwa wanaostahili fungu lake. Lakini tukumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali sehemu mbili, akasema hii ni yenu na hii nimezawadiwa. Mtume (S.A.W) akakasirika, akahoji: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfuata? Nasi tuulizane hivyo hivyo kuhusu gari la ofisi, posho za semina na safari za nje. Tungevipata bila shida ya yule mama wa Mantapala?

Basi anayekwenda kusoma asome kwa bidii: takwimu, uchumi, sheria, uhasibu. Na ajifunze jambo moja zaidi, yaani kusimama chini ya mti mbele ya watu anaowahudumia na kuwasomea matumizi yote kwa lugha yao, kisha angoje maswali. Atakayeshindwa hesabu hiyo ndogo ataiwezaje ile kubwa ya Siku ya Kiyama?

Allah (S.W) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozirudisha amana kwa wenyewe. Amin.