Gamba la chaza ni shahidi, sisi tutajibu nini?



Katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu (SW) anatuamrisha tutembee katika ardhi na kutazama jinsi alivyoanzisha uumbaji. Wengi wetu tunaisoma aya hii kwa tajwidi nzuri, kisha tunafunga Msahafu bila kutazama chochote. Leo hebu tutazame kitu kidogo: gamba la chaza lililogeuka jiwe.

Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni alitazama. Katika kitabu chake cha kupima masafa baina ya miji, alichokimaliza mwaka 1025, alieleza kuwa jangwa la Bara Arabu liliwahi kuwa bahari. Dalili yake ni makombe yanayoibuka watu wanapochimba visima na mabwawa. Hakuwa na maabara. Alikuwa na macho na akili aliyopewa na Mola wake. Basi anayedai kuwa elimu hii ni ya makafiri, haijui historia ya Umma wake.

Chaza hujenga gamba lake kwa chokaa, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya chokaa hiyo mna oksijeni nyepesi na nzito, na uwiano wake hufuata joto la maji na wingi wa barafu duniani. Mwaka 1947 mwanakemia Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kuwa kwa uwiano huo joto la bahari za kale linaweza kupimwa. Subhanallah! Mdudu asiye na kalamu ameandika hali ya bahari yake, na maandishi yamebaki.

Tusiende mbali. Misikiti ya kale ya pwani yetu, kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Mwamba wa aina hiyo unaoonekana ufukweni Mombasa, wenye mabaki ya matumbawe na makombe, ulijengeka chini ya maji kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Miamba ya umri huo duniani inaonyesha kuwa wakati ule bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kati ya 5 na 10, ilhali joto la dunia lilizidi kidogo tu lile la kabla ya zama za viwanda.

Atasema mtu: kama bahari ilipanda bila magari wala viwanda, kosa letu liko wapi? Ndugu yangu, nyumba ya jirani kuwahi kuungua kwa radi hakumpi mtu ruhusa ya kuwasha kiberiti. Mabadiliko yale yalichukua maelfu ya miaka. Sisi, tangu zama za viwanda zianze, tumepandisha hewa ya ukaa angani kutoka sehemu 280 katika milioni hadi zaidi ya 420. Takriban robo ya hewa hiyo tunayoitoa humezwa na bahari, maji yanaelekea kwenye tindikali, na chaza anapata taabu kujenga gamba lake. Yaani shahidi tunamnyang'anya hata wino!

Surat Ar-Rum, aya ya 41, imeshatutahadharisha juu ya uharibifu wa nchi kavu na baharini unaotokana na yaliyochumwa na mikono ya watu. Na Surat Az-Zilzalah inatufahamisha kuwa iko siku ardhi itatoa habari zake. Ikiwa chaza ametunza habari za miaka 125,000, je, mkoko tulioukata na taka tulizozitupa baharini vitasahaulika?

Tuanze na tulivyo navyo: maimamu walizungumze hili katika khutba, madrasa zifundishe watoto kupanda mikoko, na kila mmoja wetu apunguze israfu nyumbani kwake. Kwani siku hiyo hatutaulizwa ya chaza. Tutaulizwa ya kwetu.

Wabillahi Tawfiq.